Anza na Dudumizi

Watu wengi wakifungua hifadhi ya sauti kwa mara ya kwanza huandika "ngoma" kwenye kisanduku cha kutafutia. Yanakuja matokeo elfu na ushei, wanasikiliza matatu, masikio yanachoka, wanafunga. Nami nilianza hivyo hivyo. Laiti ningepata wa kunishauri siku ile, angeniambia nianze na ndege.

Sitanii. Fungua xeno-canto, hifadhi ya sauti za ndege iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005, ambayo msikilizaji halipi kitu. Andika Centropus superciliosus. Huyo ni dudumizi, wengine humwita tipitipi, yule anayelia vichakani mvua ikikaribia, sauti ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Sikiliza rekodi moja ya Kenya au Tanzania, kisha achana na ndege, soma maelezo yaliyoandikwa chini yake, ambayo mimi huyaita kadi. Utakuta mahali, tarehe, saa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, jina la aliyerekodi, ndege wengine waliosikika kwa nyuma. Utakuta pia kama dudumizi mwenyewe alionekana au alisikika tu. Na utakuta swali moja ambalo lilinifanya niweke kikombe cha chai chini: je, ndege huyu alichokozwa? Maana wapo wanaorekodi kwa kumpigia ndege sauti ya ndege mwenzake ili ajibu, na mlio wa kujibu si sawa na mlio wa ndege aliyekaa zake.

Kadi ya ndege huandikwa kwa uangalifu kwa sababu anayeiandika anajua hakuna atakayeweza kumwuliza ndege baadaye. Kadi za binadamu hazikupata bahati hiyo. Aliyeziandika alidhani watu wapo, wataulizwa siku yoyote. Hawakuulizwa, na wengi sasa ni marehemu. Kwa hiyo soma kadi kumi za dudumizi mpaka maswali yake yakukae kichwani, ndipo uhamie kwa watu, nao uwaulizie yale yale: wapi, lini, saa ngapi, nani alishika kinasa sauti, nani mwingine alikuwepo, na aliyeimba alichokozwa au alijiimbia?

Majina waliyotupa

Hifadhi ya sauti kongwe kuliko zote duniani iko Vienna, ilianzishwa mwaka 1899. Ya Berlin ilifuata mwaka 1900. Sauti za kwetu zilianza kukusanywa mapema mno. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha, Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Wamakonde akiwa na fonografu ya silinda za nta, akiwaimbisha watu mbele ya pembe la mashine. Alisafiri na askari wa serikali. Unaposikiliza kitu cha namna hiyo, lile swali la dudumizi linarudi lenyewe, wala kadi haitakujibu.

Ila kwanza uipate. Ukiandika "Tanzania" na "Mtwara" utaambulia patupu, kwa sababu aliyeandika kadi hakuijua Tanzania, aliijua Deutsch-Ostafrika. Kiswahili kwake ni Suaheli, Unguja ni Sansibar, na Dar es Salaam ni neno moja tu, Daressalam. Kabla hujatafuta chochote, andaa karatasi ya majina ya zamani. Yangu imebandikwa ukutani na imeshachakaa kwa alama za kalamu. Wakipsigis waliandikwa Lumbwa, Wapokot wakaandikwa Suk, Wamijikenda Nyika. Upande wote wa Wajaluo na Waluhya ulifungwa kifurushi kimoja, ukaitwa Kavirondo. Lubumbashi ni Elisabethville, Kisangani ni Stanleyville, Bujumbura ni Usumbura, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo mara nyingi kimejificha chini ya jina Kingwana. Baadhi ya majina haya wenyewe hawataki hata kuyasikia. Yaandike kwenye kisanduku cha kutafutia, usiyahamishie kwenye makala yako.

Halafu kuna suala la viambishi. Katalogi nyingi za Kiingereza hukata kiambishi, kwa hiyo Wagogo wanakuwa Gogo na Wahaya wanakuwa Haya. Za Kijerumani mara nyingi hukiacha, na utawakuta Wagogo na Wahehe kwenye herufi W. Jaribu njia zote mbili. Ala nazo zilitafsiriwa: anayetafuta zeze la Wagogo ajaribu "fiddle", anayetafuta enanga ya Wahaya ajaribu "zither" pamoja na "Bukoba", na wa ilimba aandike "thumb piano" hata kama neno lenyewe linamkera, kama linavyonikera mimi.

Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi haya ni kazi ya Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo na gari lililojaa mitambo, hasa miaka ya 1950. Mwaka 1954 alianzisha International Library of African Music, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini, na katalogi yake inatafutika mtandaoni. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200. Kadi zake ni nzuri kuliko nyingi za wakati wake: lugha, mahali, ala, aina ya wimbo, mara nyingi hata majina ya waimbaji. Tahajia tu ndiyo ya kuvumilia, kwa hiyo mimi hutafuta kwa mahali na ala kwanza, kichwa cha wimbo baadaye.

Wa Rwanda, Burundi na Kongo wasiishie hapo. Jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lina hazina kubwa ya sauti za huko, nyingine zikiwa za silinda za nta za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wa Uganda watafute jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rekodi zake ziko London, na nakala zake zimerudi Makerere.

Sikiliza kabla ya kusoma

Ukishaipata rekodi, usisome kadi. Najua nimetoka kukuambia kadi ndiyo msingi, lakini kusoma kwanza kunafunga masikio. Kadi ikisema "wimbo wa harusi", utasikia harusi hata kama kinachoimbwa ni kilio.

Vaa hedifoni. Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo ngoma kubwa inapotea kabisa na unabaki na makofi. Fungua daftari, andika dakika na sekunde pembeni, kisha andika kila kinachosikika ambacho hakikukusudiwa kurekodiwa: 0:04 mtu anakohoa, 0:31 jogoo, 1:12 mtoto anakemewa, 2:05 mwimbaji anacheka na kukosa mstari. Sikiliza pia mwanzo na mwisho. Mara nyingi rekodi huanza na sauti ya mkubwa anayetoa ishara kwamba sasa muanze, na mwisho wake husikika watu wakivuta pumzi, au wakicheka kwa sababu yamekwisha. Hapo ndipo utakapojua kama waliona raha au waliona wameagizwa.

Sauti za nyuma ndizo zinazotoa tarehe pale kadi iliposahau. Jirani yangu alinipa kaseti ya taarabu ya harusini, haina hata neno moja juu yake. Katikati ya wimbo wa pili, redio ya nyumba ya pili inasikika ikisoma habari, na mtangazaji anamtaja Rais Mwinyi wa Jamhuri ya Muungano. Basi kaseti hiyo ni ya kati ya Novemba 1985 na Novemba 1995. Baadaye kidogo inasikika adhana, na mara umeme unakatika, maana kinanda kinanyamaza ghafla na watu wanaguna kwa pamoja, wakati kinasa sauti cha betri kinaendelea. Mguno ule mimi naupenda kuliko wimbo wenyewe.

Ukimaliza, ndipo usome kadi, uilinganishe na daftari lako. Pale zinapopingana ndipo kazi yako inapoanza.

Anayesikiliza maongezi badala ya nyimbo ajihadhari na jambo moja zaidi. Mswahili wa pwani akisikia Kiswahili cha Lubumbashi hukimbilia kusahihisha. Usisahihishe. Andika kama kilivyosemwa. Zipo mtandaoni, chini ya jina Archives of Popular Swahili, nakala zilizoandikwa za maongezi ya watu wa Katanga. Soma kurasa mbili tatu kabla ya kusikiliza rekodi za huko, sikio litazoea.

Mwendo wa mashine

Kuna kosa ambalo wasikilizaji wapya hulifanya bila kujua: wanaandika kwamba mwimbaji ana sauti nyembamba ya kitoto, kumbe mashine ilizungushwa haraka kupita kiasi wakati wa kuhamisha rekodi. Silinda za nta hazikuwa na mwendo mmoja, na santuri za awali, ingawa tunaziita za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zilikwenda juu au chini ya hapo.

Watu wa Berlin walilijua tatizo hilo wakalitafutia dawa nzuri mno. Waliwaagiza wasafiri wao wapulize filimbi ndogo kwenye pembe la fonografu mwanzo wa kila silinda. Filimbi hiyo ilikuwa na noti ya A ya mitetemo 435 kwa sekunde. Ukiisikia filimbi, shika simu yenye programu ya bure ya kutuni gitaa. Programu nyingi huhesabu A kuwa mitetemo 440, kwa hiyo kama rekodi iko sawa, filimbi itaonekana iko chini kwa senti 20 hivi. Ikionekana juu sana au chini zaidi ya hapo, mwendo umekosewa. Fungua rekodi kwenye Audacity, nayo ya bure, rekebisha mwendo wa rekodi nzima mpaka filimbi ikae mahali pake. Usirekebishe ukali wa sauti peke yake, maana utaacha ngoma ikikimbia. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mtoto niliyekuwa namsikia aligeuka mwanamume mzima, mzito wa sauti na mwenye mafua.

Rekodi ambayo haina filimbi, tafuta mvumo wa umeme, ule unaosikika chini kabisa kama nyuki kwenye chupa. Kwetu na Ulaya umeme huvuma kwa mitetemo 50 kwa sekunde. Njia hii inafaa kwa kanda za studio za redio. Kwa rekodi za porini haina msaada.

Urefu nao una siri yake. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Taarabu ya ukumbini haina haraka ya namna hiyo. Kwa hiyo usipime wimbo wa zamani kwa urefu wa santuri, na usiseme kwamba mashairi ya zamani yalikuwa mafupi. Tafuta kama kuna upande wa pili. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili, na kwenye hifadhi vipande hivyo viko kwenye faili mbili zisizojuana.

Kwenye mashelfu ya nyumbani

Si kila kitu kiko Ulaya. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi kwenye kanda katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, na kanda hizo ndizo zilizopigwa hewani miaka na miaka. Ukienda redio yoyote ya taifa kuomba kusikiliza, usiseme unataka "nyimbo za zamani". Mtunza kanda atakuangalia kama mtu aliyeingia duka la vitambaa akaomba nguo. Taja bendi, kipindi, mwaka wa kukadiria, tena kwa barua, na uulize kama kanda imeshahamishiwa kwenye kompyuta au ungali unaomba sanduku lenyewe. Nenda asubuhi. Kanda zilikuwa ghali, na redio nyingi duniani zilifuta za zamani ili kurekodi mpya juu yake, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa haipo.

Wala usiamini sanduku. Kituo kimoja nilikokwenda nilipewa sanduku lililoandikwa "Hotuba, 1974" kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyekundu. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa redio wa mke aliyemfungia mumewe nje kwenye mvua. Tulisikiliza wote hadi mwisho, mtunza kanda na mimi. Kisha akairudisha kanda ndani ya sanduku lile lile, lebo ile ile, kwa sababu aliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha lebo alikuwa likizo. Sijui kama aliporudi aliambiwa.

Mpe mwenye wimbo asikie

Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika mpaka vijijini kwao, likageuzwa na ulimi wa huko. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa Ketebul Music wa Nairobi, pamoja na wenzao wa mradi wa Singing Wells, walizirudisha rekodi hizo kwao, na wakakuta baadhi ya waliorekodiwa bado wako hai. Huna haja ya mradi. Simu yako na hedifoni vinatosha.

Nilimpelekea shangazi yangu rekodi ya wanawake wa pwani, ngoma na vigelegele, ambayo kadi yake ilisema "wimbo wa harusi". Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamvika hedifoni. Alisikiliza kama nusu dakika hivi huku mikono ikiendelea, kisha mikono ikasimama. Akavua hedifoni, akaiweka juu ya ungo.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

"Iko kwenye intaneti, shangazi."

"Iko wapi?"

"Mtu yeyote anaweza kuisikiliza."

Akamwita binti yake aliyekuwa ndani, akamwambia amtoe nje mjukuu wa kiume. Ndipo akaniambia kwamba hiyo si ya harusi, ni ya ndani, ya unyago, na mimi sikupaswa kuisikia, wala yule mzungu aliyeirekodi, na kwamba waliomwimbia ama walimdanganya ama hawakujua mashine inafanya nini. Hakunieleza maneno yake. Sikumwuliza tena.

Kwa hiyo weka utaratibu huu. Wimbo wowote ambao kadi inautaja kuwa wa wanawake au wanaume peke yao, wa jando, wa unyago, wa mganga au wa mazishi, mpelekee mtu mzima wa jinsia inayohusika kabla hujaupiga mbele ya watu, na umwache asikilize peke yake kwanza. Akisema ufungwe, ufunge. Kisha iandikie hifadhi: taja namba ya rekodi, dakika na sekunde, kosa lenyewe, na nani kakuambia, kama amekubali atajwe. Hifadhi zinazoheshimika hupokea barua za namna hiyo, na nyingine huzuia rekodi isisikilizwe hadharani. Mimi niliandika. Baada ya miezi minne kadi ilibadilishwa na kitufe cha kusikiliza kikaondolewa. Shangazi alipoambiwa alisema, "Haya," akaendelea na mchele wake.

Suala la haki ni fupi. Kusikiliza mtandaoni si ruhusa ya kupakua ukapandisha YouTube. Kwenye xeno-canto kila rekodi imeandikiwa leseni yake, isome. Kwa rekodi za watu, mwombe mwenye hifadhi, na mahali waimbaji au watoto wao wanapojulikana, waombe na wao.

Mwishowe utataka kurekodi ya kwako, haizuiliki. Weka simu mezani juu ya kitambaa isitetemeke, zima feni, izuie simu isipokee miito, na sema mwenyewe mwanzoni, kwa sauti yako, tarehe, mahali na nani yupo, kama wale wa Berlin walivyopuliza filimbi. Shangazi alikubali nimrekodi wimbo mmoja wa kusukia ukili, ambao alisema hauna ubaya hata ukisikika Ulaya. Kadi yake nimeiandika kwa kufuata ya dudumizi. Mahali: barazani, Tanga. Saa: kumi na moja jioni. Ala: hakuna, ila ukili unasikika ukivutwa. Nyuma yake: bodaboda mbili, kuku, mjukuu anayeuliza kama sasa anaruhusiwa kuingia. Alionekana: ndiyo. Alichokozwa: ndiyo, na mimi.